Nilimwita nesi wa lokamu, sasa wakili wake anadai Sh740,000

BARUA

Mshauri, salamu.

Mimi ni afisa wa kliniki, ingawa wagonjwa huku Kayole wananiita daktari na nimechoka kuwasahihisha. Nilifungua kliniki yangu mwaka 2016 baada ya kuacha kazi ya serikali. Tuko na wafanyakazi saba: manesi watatu, kijana wa maabara, msichana wa mapokezi, mama wa usafi na mlinzi wa usiku. Hakuna hata mmoja mwenye barua ya kazi. Sikuwa na nia ya kumpunja mtu. Kliniki nyingi za mtaani ndivyo zinavyokwenda: nesi anakuja kwa lokamu, yaani kushika zamu bila kuajiriwa, zamu moja Sh1,200, mwisho wa mwezi unamhesabia zamu zake, unamtumia kwa M-Pesa, maisha yanaendelea.

Shida yangu ni nesi mmoja. Mama yake tunaabudu kanisa moja, na ndiye aliyeniomba nimchukue binti yake alipomaliza chuo. Alianza Februari 2022. Tangu siku ya kwanza aliniita Mama, nami nikamchukua kama mtoto wa nyumbani. Alifanya zamu ya mchana, saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, siku sita kwa wiki. Sare nilimshonea mimi. Alipodungwa na sindano mwaka 2023 ni mimi niliyempeleka kupata dawa usiku huo huo. Pesa za SHA, ile bima ya afya ya taifa, sikuwa namkatia yeye wala wengine, nikawaambia kila mtu ajilipie, kwa sababu nilisikia korti imeitupa sheria yenyewe na sikutaka kukata watu pesa zisizo na msingi.

Machi 2025 akanieleza kwamba ni mjamzito na akauliza likizo ya uzazi itakuwaje. Nikamwambia ukweli: lokamu hana likizo, ukijifungua pumzika, ukipata nguvu rudi kama nafasi ipo. Hakusema kitu. Mei mambo yakanibana. Naidai SHA madai ya miezi kadhaa, na kuna deni la NHIF, bima iliyotangulia SHA, ambalo sijui kama nitaliona. Mwenye nyumba anataka kodi, muuza dawa anataka pesa taslimu. Nikamwandikia kwa WhatsApp: "Mambo ni magumu, kuanzia Jumatatu usije, nitakuita hali ikiwa nzuri." Sikumtukana. Nilimtumia hata elfu tano za nguo za mtoto. Zamu zake kwa sasa anazishika nesi mwingine ambaye ana nguvu za kusimama siku nzima.

Wiki iliyopita nimeletewa barua ya wakili. Anadai Sh740,000: notisi, likizo, pesa za uzazi, malipo ya miaka aliyofanya, fidia ya kufutwa kwa njia isiyo ya haki, na ubaguzi. Nimepewa siku 14. Nakala nimekuambatishia. Nyuma ya barua kuna picha alizopiga kwa simu: rosta zetu za miaka mitatu, na kurasa za rejista ya wagonjwa zenye mwandiko wake, majina na magonjwa ya watu yakionekana wazi!

Shemeji yangu ni mhasibu. Anasema tuandike mikataba ya lokamu ya mwaka 2022, wale waliobaki watie sahihi, na ya huyu binti tuseme alikataa kusaini. Anasema pia hizo picha ni zawadi: nimshtaki kwa Kamishna wa Data na kwa Baraza la Wauguzi, aogope, aondoe kesi.

Naomba unieleze wazi. Je, lokamu anaweza kunidai likizo? Nifuate ushauri wa shemeji? Na hawa sita waliobaki nifanye nao nini, kwa sababu nikianza kulipa kila mtu kila kitu nitafunga milango.

Mama Kliniki,
Kayole

JIBU

Mama Kliniki, nimeisoma barua yako na ile ya wakili. Wakili hajakosea sana. Kwa kweli kuna kitu kikubwa amekisahau, nitakifikia.

Lokamu wa kweli yupo, na wewe kama mtu wa hospitali unamjua. Ni yule mwenzako mwenye kazi yake kwingine anayekuja kukushikia kliniki Jumamosi mbili ukiwa umeenda mazishi nyumbani. Anaweza kuikataa zamu na usimnunie. Akimaliza anakuletea ankara yake na mnaachana. Huyu binti alikuwa kwenye rosta yako siku sita kwa wiki kwa zaidi ya miaka mitatu, akivaa sare uliyomshonea, akitumia vifaa vyako, akihudumia wagonjwa wako. Korti haitajali mlimwitaje. Itauliza nani aliyempangia saa, na nani angemwita ofisini akichelewa.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa siku inapoisha na asiyechukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Hata huyo, kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kwisha ndani ya miezi mitatu, anageuka kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Hahitaji karatasi yako ili ageuke. Na akishapita miezi miwili mfululizo anastahili kila haki ambayo angekuwa nayo kama angeajiriwa rasmi tangu mwanzo. Binti yako alivuka mstari huo kabla mvua za masika za 2022 hazijaisha.

Hata tukiishikilia hadithi ya lokamu, itakukwamisha kwingine. Mtaalamu huru anapolipwa, anayemlipa humkata kodi ya asilimia 5 na kuipeleka KRA. Uliwahi kumkata? Barua yako haisemi, na nina hakika ungetaja. Kwa hiyo ukisimama mahakamani useme alikuwa mtoa huduma wa kujitegemea, swali la kwanza la wakili wake litakuwa hilo, na la pili litatoka kwa watu wa kodi.

Kuhusu kukosa barua za kazi, waajiri wengi wa mtaani huamini kwamba pasipo karatasi hapana kesi. Ni kinyume kabisa. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Mkifika kortini na huna cha kuonyesha, ni wewe utakayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti anayodai mfanyakazi. Akisema mlikubaliana hivi, ni juu yako kuonyesha hamkukubaliana. Naye ana rosta za miaka mitatu na taarifa za M-Pesa.

Sasa nije kwa ule ujumbe wa WhatsApp. Naamini hukutaka kumdhalilisha. Lakini kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwondoa mtu kwa kosa, kwa utendaji duni au kwa sababu za afya, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwepo, na amsikilize. Na kama sababu ni ukosefu wa pesa, sheria ina njia yake, ile ya kupunguza wafanyakazi: notisi ya maandishi kwake na kwa afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, kigezo cha haki cha kuchagua nani aondoke, likizo aliyobakiza ilipwe, na si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliokamilisha. Ungeifuata njia hiyo mwezi Mei, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Ila hata hiyo ingekuwa na tatizo, na hapa nisikufiche. Machi anakwambia ana mimba. Mei anaondolewa. Nafasi yake inajazwa na mtu ambaye, kwa maneno yako mwenyewe, "ana nguvu za kusimama siku nzima." Ukisema kazi ilikwisha, mbona kuna mtu anaifanya? Sheria imetaja waziwazi kwamba mimba, au sababu yoyote inayohusiana nayo, haiwezi kuwa sababu ya haki ya kumwondoa mwanamke kazini. Na anapodai alibaguliwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Sentensi hiyo uliyoniandikia, tafadhali usimwandikie mtu mwingine yeyote.

Kuhusu likizo ya uzazi jibu ni fupi: miezi mitatu, mshahara kamili, na kurudi kwenye kazi yake au kazi inayolingana nayo. Haipunguzi likizo yake ya mwaka, ambayo ni siku zisizopungua 21 za kazi. Ulimpa jibu la uongo Machi, japo uliliamini.

Tupige hesabu basi, maana najua ndiyo inayokuumiza. Zamu 26 kwa Sh1,200 ni Sh31,200 kwa mwezi. Notisi ya mwezi mmoja ni hiyo hiyo. Miezi mitatu ya uzazi ni Sh93,600. Likizo za miaka mitatu ni siku 63, Sh75,600, ingawa hapa mawakili watabishana kuhusu zile za miaka ya nyuma na unaweza kupata nafuu. Kwa kuwa hukumsajili NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, anadai pia malipo ya miaka ya utumishi, ambayo korti kwa kawaida huyahesabu kwa siku 15 kwa mwaka: Sh54,000. Hapo tumefika Sh254,400 bila kugusa fidia. Fidia ya kuondolewa isivyo haki inaweza kufika mshahara wa miezi 12, yaani Sh374,400. Si lazima korti impe yote. Korti hutazama muda aliofanya kazi, jinsi mlivyoachana, nafasi yake ya kupata kazi nyingine. Ubaguzi huweza kufidiwa kando. Ukijumlisha unaona Sh740,000 hazikuokotwa hewani. Ni bei ya kufungulia mazungumzo, na mtu mwenye busara anaweza kuishusha.

Nilisema kuna kitu wakili amekisahau. Saa 12 mara siku sita ni saa 72 kwa wiki. Agizo la jumla la mishahara linaweka kikomo cha kawaida cha saa 52 kwa siku sita, na saa za ziada siku za kazi hulipwa mara moja na nusu. Hata ukitoa muda wa chakula, hesabu hiyo kwa miaka mitatu sitaki kukufanyia hapa. Inatosha kujua kwamba kadiri unavyochelewa kumjibu, ndivyo wakili anavyopata muda wa kuzitazama zile rosta upya.

Kuhusu SHA. Ulisikia kweli, lakini ulisikia nusu. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa sahihi Oktoba 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi badala ya NHIF. Tangu hapo mwajiri anatakiwa kukata asilimia 2.75 ya mshahara wote na kuifikisha kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Kwa huyu binti ni Sh858. NHIF ilikuwa ingemkata Sh900, kwa hiyo hata kusema mzigo uliongezeka kwake haiwezekani.

Na kitu ambacho waajiri wengi hawajakielewa: hiyo asilimia 2.75 inatoka kwa mfanyakazi pekee. Wewe hukatwi shilingi. Kazi yako ni kukata na kupeleka. Ushuru wa nyumba za bei nafuu ndio unaogawanywa, asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwako, Sh468 kila upande. NSSF vilevile, asilimia 6 kwa 6, ambayo kwa mshahara wake ni Sh1,872. Hivyo kumsajili nesi mmoja kwa halali kungekugharimu wewe kama Sh2,340 kwa mwezi juu ya anachopata. PAYE, kodi ya mshahara, inatoka kwake, na tangu mwisho wa Desemba 2024 makato ya SHA na ya nyumba huondolewa kwanza kabla ya kodi kuhesabiwa.

Ulipowaambia wajilipie, fikiria ulichowafanyia. Mwenye mshahara hulipa mwezi kwa mwezi. Anayejilipia, kwa mpango wa SHA, hupimwa uwezo na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Nesi anayepata Sh1,200 kwa zamu, na hana hakika ya zamu ya kesho, atoe mkupuo huo wapi? Nawe unajua vizuri kuliko mimi kwamba SHA hulipa Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji, kwa sababu fomu hizo unazijaza wewe. Kliniki yako inadai pesa SHA kwa wagonjwa ilhali wafanyakazi wake wenyewe hawachangiwi. Afisa yeyote wa SHA atakayepitia madai yako akikutana na hilo, hata madai yako ya halali atayatazama kwa jicho la pili. Na huu si wakati wa kutazamwa hivyo. Umeona vituo vikisimamishwa.

Deni lenyewe nakuonea huruma, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Kliniki ndogo zimeifadhili bima ya taifa kwa mikopo ya muuza dawa na kodi ya mwenye nyumba, na hilo ni jambo la aibu. Dai haki yako kwa maandishi, kupitia RUPHA, chama cha hospitali binafsi, kama ni mwanachama, kila dai na nambari yake. Lakini deni hilo ni kati yako na SHA. Nesi hakuingia mkataba na SHA.

Sasa shemeji yako.

Mikataba ya mwaka 2022 inayoandikwa leo ni kughushi. Huo ni uhalifu, na wewe una leseni ya taaluma ya kulinda. Pia ni mpango mbovu hata kwa mtu asiyeogopa dhambi: unawahitaji watu sita, ambao nao wana madai kama ya mwenzao, watie sahihi karatasi za uongo na kukaa kimya daima. Wa kwanza utakayegombana naye atakuwa na kesi mbili mkononi. Mwambie shemeji asante, na umwombe arudi kwenye vitabu vyako vya KRA ambavyo naona vinamngoja.

Baraza la Wauguzi liache. Lipo kwa ajili ya utovu wa kitaaluma na usalama wa wagonjwa. Kumshtaki huko mtu aliyekudai mshahara, wiki hiyo hiyo, kutasomeka kama kisasi, na wakili wake ataifurahia barua hiyo kuliko wewe.

Picha za rejista ni suala la kweli, ila umelishika kwa upande usiofaa. Majina na magonjwa ya watu ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hakupaswa kuzitoa nje hivyo. Rosta ni jambo jingine. Ni kumbukumbu ya kazi yake mwenyewe, na sioni atakayemlaumu. Lakini mwenye jukumu la rejista ni kliniki, yaani wewe. Ukigundua data za wagonjwa zimefikia mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, sheria inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna, na wagonjwa wenyewe nao wajulishwe. Wiki nzima imepita tangu upokee barua. Halafu Kamishna atakuuliza nambari yako ya usajili. Biashara ndogo zenye mapato ya chini ya milioni 5 na watu wasiofika 10 zimesamehewa kujisajili, isipokuwa zilizo kwenye sekta zilizotajwa, na huduma ya wagonjwa ni mojawapo. Kliniki ya chumba kimoja inahusika sawa na hospitali ya Upper Hill. Kama hujajisajili, ukienda kumshtaki utakuwa umejipeleka mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta wakili wa masuala ya ajira wiki hii, usingoje siku ya 13. Amwandikie mwenzake barua mbili. Ya kwanza iombe kurasa za rejista zirudishwe, nakala zifutwe, na kama kuna ukurasa utakaohitajika kortini majina yafunikwe. Hilo ni ombi la haki na sidhani watalikataa. Wakati huo huo akushauri jinsi ya kuripoti kwa Kamishna kwa kuchelewa, pamoja na kukusajili. Ya pili iombe kikao bila masharti, mazungumzo ambayo hayatatumiwa kama ushahidi.

Katika kikao hicho usiende na mama yake wa kanisani. Najua ndiyo njia ya kwanza iliyokujia. Kumtuma mama amshawishi binti mjamzito aache haki yake kutaharibu kanisa, kesi na undugu kwa mpigo. Nenda na hesabu. Anza na vile visivyo na ubishi: notisi, malipo ya utumishi, likizo ya mwaka wa mwisho, na cheti cha utumishi ambacho kila anayeondoka anastahili baada ya wiki nne za kazi. Toa pia pesa za uzazi. Kuhusu fidia, pendekeza idadi ya miezi unayoiweza na ratiba ya kuilipa kwa awamu, iandikwe na isainiwe. Kuna pendekezo jingine ambalo wakili wako huenda asilipende: mrudishie kazi kwa barua rasmi, aende likizo ya uzazi akiwa mfanyakazi wako, na mjadili kiasi kidogo cha fidia. Umemwita nesi mzuri mara mbili kati ya mistari yako bila kujua. Nesi wa miaka mitatu anayeijua mitaa na wagonjwa wako ni ghali kumpata. Yule aliyeshika zamu zake mpe mkataba wa muda wa miezi hiyo mitatu, na huo ndio utakuwa mkataba halali wa kumshikia mtu nafasi.

Mkishindwana, kwa mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi kesi huweza kusikilizwa na hakimu badala ya kwenda moja kwa moja Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi pale Milimani. Itachukua muda, na muda huo utakuwa unamlipa wakili. Pia usifute ujumbe wowote kwenye simu yako. Binti anao wake.

Sita waliobaki. Hofu yako ya kufunga milango naielewa, lakini hesabu ya nesi umeiona: Sh2,340. Mama wa usafi na msichana wa mapokezi watakuwa chini ya hapo. Waandikie barua za kazi mwezi huu, zenye tarehe ya leo, zikitambua siku waliyoanza kweli. Kila mwezi wapate hati ya mshahara inayoonyesha makato. Panga zamu upya zisizidi saa za sheria, hata kama ni kwa kumwongeza nesi wa siku mbili kwa wiki. Makato ya nyuma ya SHA na NSSF usiyafiche. Waendee wenyewe uombe mpango wa kulipa, kwa sababu mwenye kujitokeza huzungumza nao kwa utulivu kuliko anayekutwa. Wala usianze kuwakata wafanyakazi leo kufidia miezi ambayo wewe hukukata.

Jambo la mwisho, na linaweza kukupita kwa sababu uliliandika kama wema. Ile sindano ya 2023. Ulifanya vyema kumkimbiza apate dawa. Lakini Sheria ya Fidia kwa Ajali za Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa wafanyakazi wake wote, na kliniki ni mahali ambapo sindano, damu na kifua kikuu ni kazi ya kila siku. Barua yako haitaji bima hiyo mahali popote. Ulizia bei yake kabla ya kijana wa maabara hajadungwa.